Jinsi ya kuwarudia wazee wako na kuhifadhi kumbukumbu za familia kabla hazijapotea

Nina rekodi moja ya bibi yangu, dakika 47, na katika hizo labda dakika 6 ndo unasikia vizuri anachosema. Zilizobaki ni tivi. Tulikaa sebuleni, tivi imewashwa kama siku zote, mi nikaweka simu juu ya kochi nikabonyeza rekodi nikajua kazi imeisha, na siku ile sikusikia kabisa kama tivi inapiga kelele kwa sababu sikio la mtu linachuja lakini simu haichuji, inameza kila kitu. Bibi alifariki miezi michache baadaye. Nimeisikiliza ile rekodi mara nyingi mno, kuna mahali anaanza kutaja jina la mtu aliyemlea baada ya mama yake kufa, na jina lenyewe limefunikwa na mtangazaji wa michezo. Nimeuliza kila mtu kwenye familia. Hakuna anayelijua.

Kwa hiyo hii ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mtu ambaye bado ana mzee wake hai, awe wanaongea kila siku au hawajaongea miaka kumi. Nimejifunza mengine kwa kukosea na mengine kwa kusoma, na kama kuna kitu kimoja cha kushika basi ni hiki: mtu kwanza, rekodi baadaye. Ukienda kama mwandishi wa habari utapata majibu ya mwandishi wa habari.

Hatua ya 1: andika nani yupo

Chukua karatasi, andika wazee wote walio hai, upande wa baba na upande wa mama, halafu usiishie kwenye damu tu. Weka na mke wa mjomba, mume wa shangazi, rafiki wa babu, jirani aliyekaa nao ukuta kwa ukuta miaka 20. Hawa walioingia kwa ndoa mara nyingi wanajua zaidi ya wenye familia yao, kwa sababu waliingia wakiwa watu wazima, kila kitu kilikuwa kigeni kwao, wakawa wanaangalia nani anaongea na nani na nani hasalimiani na nani, wakati aliyezaliwa humo anaona yote kawaida tu.

Sasa panga. Usipange kwa unayempenda zaidi, panga kwa nani akiondoka anaondoka na vitu ambavyo hakuna mwingine anavyo. Aliyebaki peke yake kwao, anayeumwa, aliyekuwa karibu na babu au bibi uliyemkosa. Na usiangalie umri peke yake, mwenye miaka 90 anaweza kuwa mzima wa afya miaka mingine mitano na mwenye 68 akapata kiharusi wiki ijayo kikachukua maneno yote.

Hatua ya 2: piga simu, usiombe kitu

Kama hamjaongea muda mrefu hapa ndo pagumu kuliko hatua zote. Mtu anakaa na simu mkononi, aibu imemjaa, anajiuliza nitasema nilikuwa wapi. Usiandae hotuba. Sema tu, "Shikamoo shangazi, ni mimi mtoto wa kaka yako, nimekukumbuka nikasema nikusikie sauti." Basi. Akilaumu mwache alaumu mpaka amalize, useme "kweli shangazi, nimekosea," na usimletee orodha ya sababu, kazi ilikuwa hivi, maisha yalikuwa vile. Mzee anayelaumu bado anakuhesabu kuwa wake. Wa kumwogopa ni yule anayekujibu kwa adabu kama anaongea na mgeni.

Simu ya kwanza usiombe picha, usiulize historia, usiulize ukoo. Mi nilikosea hapa kwa baba yangu mdogo, tulikuwa hatujaongea karibu miaka minne, nikapiga na ndani ya dakika tano nikamuuliza kama anazo karatasi za zamani za babu. Akanyamaza. Baadaye nikaja kuambiwa na mtu mwingine kwamba alidhani natafuta mambo ya urithi, na kwa kweli angedhani nini kingine? Mtu kapotea miaka minne anarudi na swali la makaratasi. Ilinichukua miezi kurudisha imani. Kwa hiyo ukifika wakati wa kueleza unachofanya, sema wazi, mbele ya wengine kama inawezekana, kwamba unataka hadithi na sura za watu, hutaki hati wala mali, na kila utakachokusanya kila mtu atapata nakala. Waambie na binamu zako mapema, wasije wakasikia kwa pembeni.

Baada ya simu ya kwanza chagua siku moja ya wiki na saa moja, dakika 10 zinatosha kabisa, halafu usikose. Hii inashinda simu moja ya masaa mawili kila mwaka. Wiki ya tatu au ya nne utaona mwenyewe, ataanza kukuwekea habari, "nilitaka nikwambie," na hapo mlango umefunguka bila wewe kuusukuma.

Hatua ya 3: jua unaongea na sikio la namna gani

Fupi lakini muhimu. Masikio ya uzeeni kwa kawaida yanapoteza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo s, f, sh zinapotea wakati sauti nzito bado anazipata. Ndo maana mzee anasikia kwamba unaongea ila hajui umesema nini, na ndo maana sauti za wajukuu wadogo zinamshinda. Ukipaza sauti unaifanya iwe nyembamba zaidi, unaharibu. Shusha sauti, ongea polepole, kaa mbele yake mwanga ukiangukia usoni kwako aone midomo, zima tivi na redio. Asiposikia usirudie sentensi ileile mara tatu, iseme kwa maneno mengine. Na uliza saa gani yuko vizuri, wengi ni asubuhi, jioni mwili umechoka na hata anayesahausahau kidogo anazidi kuchanganyikiwa jua likizama.

Hatua ya 4: ingia na picha mkononi

Ukimwambia mzee "nisimulie maisha yako" atakwambia hakuna cha kusimulia, tulizaliwa tukakua. Mpe picha mkononi. Picha moja, sio albamu nzima.

Nilimpelekea shangazi picha ya baba yangu akiwa mtoto, amesimama kakunja ngumi, na begani kwake kuna mkono wa mtu, mwenye mkono kakatwa na ukingo wa picha. Miaka yote naiona ile picha sikuwahi hata kuuona ule mkono. Shangazi aliishika, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaweka kidole juu ya ule mkono na akasema jina. Dada yao mkubwa, alikufa kabla ya sisi wote kuzaliwa, hakuna picha yake nyingine. Alimjua kwa saa, saa ya kiume aliyoivaa kwa sababu ilikuwa ya babu na mkanda ulikuwa unamlegea akautoboa tundu la ziada kwa msumari. Ukiangalia vizuri tundu linaonekana. Kutoka hapo aliongea saa nzima, mi sikuuliza swali hata moja.

Kwa hiyo uliza vitu vya kushikika. Huyu pembeni ni nani? Nani alikuwa anashika kamera? Siku hii mlitoka wapi mkaenda wapi? Mlikuwa mnalala wangapi chumba kimoja? Mama yako akikuita kwa hasira alikuwa anakuitaje? Nani alikufundisha kusoma? Kitu gani ulikiogopa usiku? Maswali ya ujana yanatoa mengi zaidi, na hii ina sababu, watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba watu wazima wakikumbuka maisha yao, miaka kati ya 10 na 30 inarudi kwa wingi kuliko miaka iliyofuata, ndo umri wa mambo mengi ya mara ya kwanza.

Miaka usiilazimishe. Mzee hakumbuki kama ilikuwa 1961 au 1964 na ukimbana anajiona anashindwa mtihani. Muulize ilikuwa kabla au baada, kabla ya kuzaliwa nani, baada ya kuhama nyumba ipi, ulikuwa umeolewa au bado. Utaipata tarehe mwenyewe baadaye ukipanga matukio.

Na akinyamaza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hujauliza lingine. Mara nyingi kile kizuri kinakuja kwenye nane au tisa, mi nimeona hivyo mara nyingi sana, na aliye na haraka anakikatiza kila mara.

Kuna kitu kingine nataka watu wakijue. Zamani mzee akikaa anarudiarudia habari za ujana wake madaktari wengi walichukulia kama dalili ya akili kuchoka. Mwaka 1963 daktari mmoja wa Marekani, Robert Butler, akaandika kwamba hapana, kuyapitia maisha yako unapoyakaribia mwisho ni jambo la kawaida na linaweza kumpa mtu utulivu. Kwa hiyo mzee akikusimulia hadithi ileile mara ya tano usimwambie "hiyo ulishanisimulia." Muulize kitu ambacho hukuuliza mara nne zilizopita.

Hatua ya 5: rekodi, kwa ruhusa

Omba ruhusa kwanza, kila mara, na ueleze nani atasikia. "Bibi, naomba nirekodi sauti yako wajukuu waje kuisikia, ukitaka nizime niambie." Akikwambia zima, zima kweli, weka simu kifudifudi aone. Kuna siku shangazi aliniambia "zima hiyo kitu," nikazima, akanieleza jambo ambalo siliandiki hapa wala popote, na naamini yote yaliyofuata wiki zile aliniambia kwa sababu siku ile nilizima.

Vifaa? Simu yako inatosha, usisubiri kununua kitu. Ila fanya hivi: weka hali ya ndegeni simu isiite katikati, hakikisha chaji na nafasi ipo, zima tivi, feni, friji kama liko karibu, funga dirisha la barabarani. Chumba chenye mapazia, kochi na zulia kinatoa sauti nzuri kuliko chumba kitupu chenye mwangwi. Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na mzee kuliko wewe, maiki yake (kwenye simu nyingi iko chini) ikielekea kwake, kama urefu wa mkono hivi. Rekodi dakika moja ya majaribio, sikiliza kwa hedifoni. Hii dakika moja ndo ingeniokolea jina lile la bibi.

Anza kwa kusema tarehe, mahali, nani wapo. Maliza kabla hajachoka. Marekani kuna mradi unaitwa StoryCorps, ulianza 2003 pale New York, watu wawili wanaofahamiana wanakaa chumba kidogo na kuongea kwa dakika 40, na rekodi zinahifadhiwa kwenye Maktaba ya Bunge la nchi hiyo. Dakika 40 ni kipimo kizuri hata nyumbani, ukizidisha sana mzee anaanza kujibu kifupi ili umalize.

Sauti au video? Mi nasema sauti kwanza. Kamera inawafanya wengine wakae kama kwenye kitambulisho, lakini simu iliyolala mezani wanaisahau baada ya dakika chache. Video chukua baadaye, fupi, akifanya kitu kwa mikono yake, anashona, anapanga maua, anafunga kitambaa kichwani. Mikono ya mtu ni kumbukumbu pia.

Kama mzee ameshaanza kusahau

Usikate tamaa na usimfanyie mtihani. Swali la "unanikumbuka mimi ni nani?" lifute kabisa, linamwaibisha, jitambulishe mwenyewe kila mara kwa furaha, jina lako na wewe ni mtoto wa nani. Akichanganya watu usimsahihishe, akisema mama yake anakuja leo muulize mama yake ni mtu wa namna gani, utapata ukweli mwingi ndani ya hilo kosa. Tumia nyimbo za ujana wake, kumbukumbu ya muziki mara nyingi inabaki hata pale majina ya watoto yameshaondoka, na mtu ambaye hajamaliza sentensi siku nzima anaweza kuimba beti tatu bila kukosea. Harufu nayo, na vitambaa, na vitu vya kazi aliyokuwa anaifanya. Kama siku hiyo haongei kabisa, shika mkono wake mkae, hiyo nayo ni kutembelea.

Hatua ya 6: picha na kaseti

Hapa watu wanaharibu vitu kwa nia njema kabisa, kwa hiyo twende taratibu.

Nawa mikono, kausha, shika picha kwenye kingo. Nyuma ya picha usiandike kwa kalamu ya wino, wino unapenya na ukikandamiza alama inatokea mbele, tumia penseli laini na uweke picha juu ya kitu kigumu. Andika majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, na mwaka wa kukisia wenye alama ya kuuliza. Picha zilizoganda kwenye zile albamu za kurasa zenye gundi usizivute. Jaribu kupitisha uzi wa kusafishia meno chini yake polepole, zikigoma ziache hapohapo na upige ukurasa wote kama ulivyo.

Ukiwa na skana, dpi (nukta kwa kila inchi, ndo kipimo cha ubora) 300 inatosha kwa picha ya kawaida utakayoichapa saizi ileile, kwa vile vidogo vidogo weka 600 au zaidi. Ukitumia simu, weka picha karibu na dirisha lenye mwanga lakini jua lisiipige moja kwa moja, zima flashi, simu iwe sambamba na picha, na upige mgongo wa picha pia, maandishi ya nyuma wakati mwingine yana thamani kuliko mbele. Halafu jamani, ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na ubora unashuka, itume kama dokumenti. Nimeona familia ambayo picha pekee ya babu iliyobaki ni ile iliyozungushwa kwenye grupu mara kumi mpaka uso ukawa ukungu, na ile halisi haijulikani iliko.

Kaseti usizicheleweshe. Utepe wa sumaku unachakaa hata ukikaa tu kabatini, na mashine za kuzichezea zinapungua kila mwaka. Kwanza vunja vile vijimeno viwili vya plastiki vilivyoko mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ukiona ukungu mweupe kwenye utepe usiicheze, itaharibu mashine na itajiharibu yenyewe, mpelekee fundi anayejua kazi hiyo. Iliyo salama unaiweka kwenye redio kaseti, unaunganisha waya kutoka tundu lake la hedifoni mpaka kwenye tundu la kuingiza sauti la kompyuta, unarekodi kwa programu ya bure kama Audacity, na inachukua muda uleule wa kaseti, ya dakika 90 ni dakika 90.

Hatua ya 7: majina ya faili na nakala

Faili linaloitwa IMG_4471 ni faili lililopotea tayari. Anza na mwaka, kisha tukio, kisha watu: 1974-harusi-shangazi-na-mume. Rekodi ya sauti, andika ukurasa mmoja wa kuielekeza ndani ya wiki hiyohiyo ungali unakumbuka: dakika ya 3 anaongelea shule, dakika ya 12 anataja dada mkubwa. Si lazima uandike kila neno, ila majina ya watu andika yote pamoja na majina ya utani, na pembeni andika nani kasema. Wazee wawili wakipingana, mmoja kasema walihama kwa ugomvi mwingine kasema kwa ajili ya kazi, andika zote mbili na majina yao, usiamue wewe.

Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja iwe nyumba nyingine kabisa au kwenye mtandao. Simu ikiibiwa, nyumba ikiungua, moja ibaki. Na fungua mara moja kwa mwaka uhakikishe bado zinasoma, flashi ya kuhifadhia mafaili inakufa kimya kimya bila kukwambia.

Hatua ya 8: rudisha

Watu wengi wanachukua wakaondoka. Mrudishie mzee kile alichokupa, picha umezichapa kubwa ili macho yake yaone, na sauti yake mwenyewe muichezee pamoja. Mi nilimpelekea shangazi ile picha ya mkono, nimeikuza mpaka tundu la mkanda wa saa linaonekana wazi, nikamwekea na rekodi yake. Alisikiliza kainamisha kichwa, dakika kama mbili hivi, halafu akanyoosha kidole. "Hapo nimesema uongo," akasema, "hiyo saa haikuwa ya baba. Simamisha, nikueleze ilikuwa ya nani." Nikatafuta kitambaa, nikakikunja, nikaweka simu juu yake.